Mkopo si wangu, namba ni yangu: sheria ya Uganda inanilinda vipi?

Mwalimu_Arua, 9 Agosti 2025

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Arua, na ninaleta barazani jambo ambalo nimelibeba kwa majuma matatu bila kupata mtu wa kunieleza kwa lugha ninayoielewa.

Mwenzangu wa chumba cha walimu alichukua mkopo wa shilingi 150,000 kupitia programu ya simu. Ada ilikatwa kabla hajaipokea pesa yenyewe, siku ya kulipa ikamkuta mshahara haujaingia, na asubuhi iliyofuata wenye programu wakaanza kuwatumia ujumbe watu wote waliomo katika orodha ya majina ya simu yake. Mimi nilipata jumbe nne kwa siku moja. Zilinitaja kwa jina lile lile ambalo yeye alinihifadhi nalo, zikadai kwamba mimi ni mdhamini wake, na kwamba nisipomhimiza alipe, nami nitafuatwa. Mwalimu mkuu alipata ujumbe kama huo, wazazi watatu wa wanafunzi wakapata, na mama mkwe wake aliyeko Koboko akapata wake ukimwita mkwewe mwizi. Huo wa Koboko ndio ulioharibu mambo kabisa, kwani mke wa mwenzangu aliitwa kwao na hajarudi hadi leo.

Mimi sikukopa, sikudhamini, wala sikuwahi kuifungua programu hiyo. Ninachotaka kujua ni kama sheria ya Uganda inamtambua mtu wa namna yangu, ambaye namba yake imechukuliwa kutoka katika simu ya mtu mwingine. Tena, kijana mmoja anayefundisha kompyuta ametushauri tuwalipize kwa dawa yao wenyewe: tuweke jina la kampuni, namba za wakusanya madeni na picha ya yule anayejiita meneja katika makundi yote ya WhatsApp ya wilaya na katika TikTok. Walimu kumi na mmoja wako tayari. Mimi nimesita, na sababu ya kusita siijui vizuri, ndiyo maana nimekuja kuuliza kwanza.

WakiliKampala, 9 Agosti 2025

Mwalimu, umefanya vyema kusita. Nitaanza na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake ni zuri kuliko unavyodhani.

Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inakataza mtu kuingiliwa katika faragha ya nyumba yake, barua zake, mawasiliano yake na mali yake nyingine. Kwa miaka mingi ibara hiyo ilikaa peke yake, bila sheria mahususi ya kumbana mfanyabiashara anayechezea data za watu, hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, ambayo Rais aliitia sahihi Februari 2019. Kanuni zake zilitoka mwaka 2021, na ofisi ya kuisimamia, yaani Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, ikawekwa ndani ya NITA-U, yaani mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Sitakutajia namba za vifungu, kwa sababu toleo jipya la sheria za nchi lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 limezipanga upya, na watu wengi hubishana juu ya namba huku wakiyasahau maneno.

Maneno yanayokuhusu ni haya. Sheria inamtaka anayekusanya data azichukue kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Inamtaka apate ridhaa. Inamtaka amweleze mhusika, kabla ya kukusanya, kwamba data hizo ni za kazi gani. Na inamkataza kukusanya zaidi ya zile zinazohitajika kwa kazi hiyo. Wakopeshaji hujitetea kwamba mkopaji alibofya neno la kukubali siku alipoiweka programu. Tuseme ni kweli. Mwenzako aliweza kuridhia juu ya data zake mwenyewe, lakini hakuweza kuridhia juu ya zako, kama vile asivyoweza kuliweka rehani shamba lako. Utetezi wao wa pili huwa ni mkataba, kwa kuwa sheria inaruhusu data kutumika bila ridhaa pale inapolazimu ili kutekeleza mkataba ambao mhusika ni upande mmojawapo. Wewe hukuwa upande wowote wa mkataba ule. Kwa hiyo wewe usiyekopa una hoja safi kuliko ya yule aliyekopa, jambo ambalo sisi tunaotetea haki za kidijitali tungepaswa kulisema mara nyingi zaidi, badala ya kuvutwa kila siku katika mabishano juu ya wadaiwa na tabia zao.

Njia ya kufuata huanza na notisi ya maandishi kwa kampuni, ukiitaka iache kuzitumia data zako kwa kuwa matumizi hayo yanakuletea madhara na fadhaa usiyostahili. Kampuni ina siku 14 za kukujibu kwa maandishi, ama kwamba imetii, ama kwa nini haitii. Ikikataa au ikinyamaza, unapeleka malalamiko kwa ile Ofisi, ukiambatisha notisi yenyewe na picha za ujumbe zinazoonyesha tarehe na namba zilikotoka. Fidia huombwa mahakamani. Kutoa data za mtu kinyume cha sheria ni kosa la jinai ambalo faini yake haifiki shilingi milioni 5, lakini kifungo chake chaweza kufika miaka 10, na kampuni yenyewe mahakama yaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Ama swali lako la pili, nakusihi msifanye hivyo. Namba ya mkusanya madeni nayo ni data yake, na picha ya meneja ni yake, kwa hiyo mtakuwa mmetenda kosa lile lile mnalolilalamikia. Zaidi ya hayo, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ilirekebishwa Oktoba 2022, ikaongezewa makosa ya kusambaza habari za mtu bila idhini na kusambaza kile inachokiita habari za nia mbaya, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Si vitisho vya karatasi: Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimfunga kijana wa miaka 24 kwa miaka 6 kwa sababu ya video za TikTok. Yake yalikuwa maneno juu ya Rais na jamaa zake, si juu ya mkopeshaji, lakini sheria haikuandikwa kwa ajili ya Rais peke yake, na kampuni yenye wakili mjanja inaweza kuikimbilia kabla yenu.

WakalaMalaba, 10 Agosti 2025

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa mpakani, na sina elimu ya sheria, lakini programu hizi ninaziona kila siku kwa kuwa wateja huniletea simu zao niwasaidie kuziweka. Masharti huwa ya Kiingereza, marefu, na sijapata kumwona mteja aliyeyasoma. Wala mimi sikuyasoma.

Jambo moja naomba mlijue. Google ilikataza, kuanzia tarehe 31 Mei 2023, programu za mikopo zilizomo katika duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Kwa hiyo ukiona programu ya mikopo inaomba ruhusa ya kusoma majina, uliza imetoka wapi. Zile ninazoletewa mimi zilikuja kwa kiungo kilichotumwa kwenye WhatsApp, nje ya duka kabisa. Mwenzako aingie katika mipangilio ya simu aiondolee programu ruhusa hiyo leo hii, ingawa walichokwisha kunakili wanacho. Pia waulizeni UMRA, yaani mamlaka ya mikopo midogo, kama mkopeshaji huyo ana leseni. Wengine hawana, na malalamiko yenu yatakuwa na miguu miwili.

Niseme pia jambo linalonihusu mwenyewe, kwa kuwa limenijia nikisoma maneno ya wakili. Kibandani kwangu kuna daftari ninamoandika jina la mteja, namba yake ya simu na namba ya ndaga muntu, yaani kitambulisho chake cha taifa. Daftari hilo hukaa wazi juu ya meza mchana kutwa, na mteja anayefuata husoma habari za aliyemtangulia huku akingoja pesa zake. Sikuwahi kuliona kuwa ni kosa. Tangu jana ninalifunika.

Msomaji_Jinja, 10 Agosti 2025

Ninamheshimu wakili, lakini ninaona anamtuma mwalimu katika safari ndefu isiyo na hakika. Notisi, siku 14, malalamiko, kisha ofisi iliyo ndani ya mamlaka ya serikali ambayo yenyewe inahifadhi na kuendesha mifumo ya data za serikali. Huo ni mfano wa fisi kupewa zizi alinde.

Mimi nina njia fupi. Marekebisho yale yale ya mwaka 2022 ambayo wakili anatuogopesha nayo yana kosa la kumtumia mtu habari ambazo hakuziomba. Mwalimu hakuomba jumbe zile nne. Aende kituo cha polisi akafungue kesi kwa kosa hilo, wakusanya madeni wakamatwe, na wengine wote wataogopa. Sheria imekuwa ikitupiga sisi raia kwa miaka mingi, basi kwa siku moja nayo itupiganie. Sioni dhambi katika hilo.

WakiliKampala, 11 Agosti 2025

Ndugu wa Jinja, hoja yako ina mvuto, na nakiri kwamba kwa maneno ya kosa lile polisi wangeweza kulifungua jalada. Ninaikataa hata hivyo, kwa sababu inayohitaji maelezo kidogo.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ilikuwa na kifungu cha 25 juu ya mawasiliano ya kuudhi. Wengi wanakikumbuka kama kifungu cha kuwanyamazisha waandishi na wakosoaji, na ndivyo kilivyotumika, lakini ukiyasoma maneno yake utashangaa: kilimwadhibu anayetumia mawasiliano ya kielektroniki kwa makusudi na mara kwa mara kuvuruga amani, utulivu au haki ya faragha ya mtu. Haki ya faragha, ndugu yangu. Kifungu kilijivika joho la mtetezi wa faragha, na kwa kuwa neno "kuvuruga" halikuwa na mipaka, kila mwenye cheo aliyeudhika aliweza kulijaza maana aitakayo. Andrew Karamagi na Robert Shaka walikipinga kwa shauri la mwaka 2016, na tarehe 10 Januari 2023 majaji watano wa Mahakama ya Katiba wakakifuta kwa kauli moja, wakiona kwamba hakieleweki, ni kipana mno, na kinabana uhuru wa kujieleza kupita kiasi kinachokubalika katika nchi ya kidemokrasia.

Marekebisho ya 2022 yalikuja kabla ya hukumu hiyo na yana ugonjwa ule ule. Habari usizoziomba ni zipi? Tangazo la mazishi katika kundi la ukoo, ambalo hakuna aliyeliomba, limo. Ujumbe wa mpiga kura kwa mbunge wake umo. Yako mashauri yaliyofunguliwa Mahakama ya Katiba kuyapinga marekebisho hayo, na mwalimu akifungua kesi kwa kosa hilo na kushinda, upande wa serikali utaichukua kesi yake kama ushahidi kwamba kosa hilo linamsaidia mnyonge. Mimi siwezi kumshauri mtu aupalilie mti ambao wenzake wako mahakamani wakiomba ukatwe, hasa ikiwa Sheria ya Ulinzi wa Data inamfikisha pale pale kwa maneno yaliyo na mipaka: data za nani, zilichukuliwa wapi, kwa ridhaa gani, kwa kazi gani.

Juu ya uhuru wa Ofisi tunakubaliana. Ingefaa isimame peke yake na bajeti yake, na hilo ndilo ningependa ombi lolote la kwenda Bungeni liliseme. Hata hivyo haijakaa bure. Mwezi uliopita, tarehe 18 Julai, iliamua malalamiko ya raia wanne dhidi ya Google, ikasema kwamba kampuni hiyo inafungwa na sheria ya Uganda hata kama haina ofisi hapa, na ikaipa siku 30 ijisajili. Raia wanne tu, ambao walifuata hatua hizi hizi unazoziita safari ndefu. Na kama unataka mfano wa wakopeshaji hasa, angalia ng'ambo ya Malaba: Septemba 2023 ofisi ya Kenya ya ulinzi wa data ilitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 za huko, kwa kuchukua namba za watu kutoka kwa wakopaji na kuwatumia vitisho. Ni kisa cha mwalimu wetu kabisa.

MamaNeema_Kyangwali, 12 Agosti 2025

Nawasalimu wote. Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, ninaishi Kyangwali, na nimesoma neno "ridhaa" hapa mara nyingi hadi nimeona niulize. Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda tulihakikiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho. Asiyefika hakubaki katika orodha, na asiye katika orodha hapati chakula. Sikumbuki kuulizwa kama ninakubali, na hata kama ningeulizwa, mama mwenye watoto watano angejibu nini? Silalamiki kwamba tulihesabiwa, maana orodha za zamani zilikuwa na majina hewa na hilo lilituumiza sisi wenyewe. Ninachouliza ni kwamba ridhaa ya namna hiyo inaitwaje katika sheria.

WakiliKampala, 12 Agosti 2025

Mama Neema, hiyo si ridhaa, na jibu la kweli ni kwamba sheria haiihitaji. Chombo cha umma kinachotekeleza kazi yake ya kisheria kinaweza kukusanya data bila ridhaa, kama ilivyo kwa usalama wa taifa na upelelezi wa makosa. Misamaha hiyo ni mipana, na hapo ndipo sheria yetu ilipo dhaifu kuliko mahali pengine popote. Lakini msamaha wa ridhaa si msamaha wa mengine yote: data zako bado zinapaswa kulindwa, kutumika kwa kazi iliyozikusanya tu, na wewe bado una haki ya kuuliza kwa maandishi wana nini juu yako na wamempa nani. Raia wanalo tatizo linalofanana na lenu katika ndaga muntu, kwani wazee waliokosa kitambulisho hicho, au ambao kitambulisho kimewaandikia umri usio wao, wamekosa posho ya SAGE, yaani ile ya serikali kwa wazee, ya shilingi 25,000 kwa mwezi, na mashirika ya kiraia yamekwisha kulipeleka jambo hilo mahakamani. Ukitaka kuuliza kuhusu data zako, niandikie faraghani nikusaidie kutunga barua.

Msomaji_Jinja, 13 Agosti 2025

Wakili, hujanishawishi juu ya Ofisi, lakini tangazo la mazishi limenishinda. Naondoa ushauri wa kwenda polisi.

Mwalimu_Arua, 16 Agosti 2025

Ndugu zangu, nashukuru. Nimekaa na walimu wale kumi na mmoja, nikawasomea majibu haya yote, na tumekubaliana kuacha mpango wa TikTok, ingawa wawili walinung'unika sana. Badala yake kila mmoja ataandika notisi yake mwenyewe, mkopaji pamoja na tusiokopa, na zote zitaondoka siku moja. UMRA nao tumewaandikia kuuliza habari za leseni, na jibu bado.

Nimetunga notisi yangu kwa Kiswahili, kisha mwenzangu wa Kiingereza ameifasiri. Wakili, je, naweza kupeleka ile ya Kiswahili peke yake? Nauliza kwa sababu Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, nami ninawafundisha watoto hivyo darasani. Kiini chake ni hiki:

"Mnamo Julai 2025 nilipokea kutoka kwenu jumbe nne zilizonitaja kwa jina na kunidai kama mdhamini wa mkopo nisioujua. Sikuwapa namba yangu, wala sikumruhusu mtu yeyote awape. Jumbe hizo zimeniletea aibu mbele ya mwajiri wangu na wazazi wa wanafunzi wangu. Kwa hiyo ninawaomba mwache kuitumia namba yangu na jina langu kwa namna yoyote, mvifute, na mnieleze kwa maandishi ndani ya siku 14 kwamba mmefanya hivyo, pamoja na majina ya wote mliowapa data zangu."

WakiliKampala, 16 Agosti 2025

Mwalimu, imeandikwa vizuri kuliko nyingi zinazopita mezani kwangu. Juu ya lugha, Katiba inasema Kiswahili kitatumika katika hali ambazo Bunge litaziweka kwa sheria, kwa hiyo usiwape mwanya: peleka ya Kiingereza kama notisi yenyewe na uiambatishe ya Kiswahili nyuma yake.

Rekebisha neno moja tu. Palipo na "ninawaomba" andika "ninawataka", katika Kiswahili na katika Kiingereza, ili wasije wakasema baadaye kwamba walipokea ombi na si notisi. Ikiwa ofisi yao inafikika, ipelekwe kwa mkono, na apokeaye atie sahihi, tarehe na muhuri katika nakala utakayobaki nayo. Siku 14 zitahesabiwa kuanzia siku waliyoipokea, wala si siku uliyoiandika.